SOMO: KISASI KILICHOVAA MADOA YA CHUI

Somo letu safari hii linatoka karibu, upande wa Bafwasende, kule mto Lindi unakopita kabla ya kuingia mto mkubwa hapa Kisangani. Wengi wetu tulitishwa usiku kwa jina la Anyoto tukiwa watoto. Tulitazame sasa kama watu wazima.

Anyoto walikuwa watu walioua kwa kujifanya chui. Habari zao kati ya Babali zinajulikana tangu miaka ya 1890, na katika miaka ya 1930 mauaji ya namna hiyo yalifika hata upande wa Beni. Walivaa nguo ya maganda ya mti iliyotiwa madoa, wakashika makucha ya chuma. Asubuhi kijiji kilisema: ni chui. Na kwa kuwa chui wa kweli nao walikuwako, nani angeapa kuwa siye?

Fundo lao lilitoka wapi? Kwa dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 Wabelgiji waligawanya nchi kwa sheferi, na chefu waliyemkubali wakamvika medali. Mwenye medali alidai kodi na kutoa watu wa kufanya kazi ya Bula Matari. Mara nyingine hakuwa yule ambaye ukoo ulimtambua. Hasira hiyo ilikuwa na sababu, hatukatai.

Lakini tuangalie ni nani aliyekufa. Chefu mwenyewe hakuwa rahisi kufikiwa. Aliyekutwa peke yake njiani mara nyingi alikuwa mwanamke aendaye shamba, au mtoto, kosa lake kuwa mtu wa chefu fulani. Huyo hakuvaa medali yoyote! Tena wakubwa waliogombania cheo wao kwa wao waliwatumia Anyoto hao hao. Mtu alidhani analipa deni la ukoo wake, kumbe ni kisu mkononi mwa mwingine. Hapa tunaomba darasa likae kidogo.

Serikali ya kikoloni iliwanyonga baadhi yao, ikaishuku na mambela, unyago wa vijana wa Babali, kana kwamba kila aliyeupitia ni muuaji. Huko Tervuren, Ubelgiji, sanamu ya Paul Wissaert ya mwaka 1913 ilionyesha mtu-chui akimnyemelea aliyelala. Wazungu wakaona ushenzi wa msitu tu. Medali na kodi hazikuchongwa. (Tangu 2018 imewekwa kando na sanamu nyingine za namna hiyo.)

Someni 1 Samweli 24. Daudi alimpata pangoni adui mwenyewe, si mke wa jirani ya adui, na bado akakata upindo wa vazi tu.

Kati yetu wamo waliokimbia Lubunga mwaka 2023, katika ugomvi wa ardhi wa Wambole na Walengola. Muwaulize kwa upole: aliyechomewa nyumba ndiye aliyetia sahihi karatasi ya ardhi?