Profesa Hardy Cross: Mhandisi Aliyefundisha Kukisia kwa Kanuni

Mwaka 1951 Profesa Hardy Cross alistaafu katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Alikuwa amewafundisha wahandisi kwa muda mrefu, kwanza katika Chuo Kikuu cha Brown, kisha Illinois tangu 1921, na hatimaye Yale tangu 1937. Sifa yake ilitokana na njia mbili za hesabu ambazo zilimwezesha mhandisi wa kawaida, mwenye karatasi, penseli na rula ya hesabu, kutatua matatizo yaliyokuwa yakiwashinda wengi.

Tatizo la majengo

Cross alizaliwa mwaka 1885 katika jimbo la Virginia. Alipokuwa mwalimu, majengo ya zege lenye nondo yalikuwa yameenea mijini. Katika jengo la namna hiyo nguzo na boriti huungana zikawa kitu kimoja. Mzigo ukiwekwa juu ya boriti moja, boriti za jirani na nguzo zake hupinda pia. Ili kujua kila sehemu inabeba kiasi gani, mhandisi alilazimika kuandika milinganyo mingi na kuifumbua yote kwa pamoja. Jengo la ghorofa kadhaa liliweza kudai makumi ya milinganyo. Aliyekadiria ovyo alihatarisha maisha ya watu, au alipoteza saruji na chuma bure.

Mwezi Mei 1930 Cross alichapisha makala ya kurasa kumi tu, yenye kueleza njia nyingine. Mhandisi na achukulie kwamba viungio vyote vya jengo vimefungwa visizunguke. Kisha akifungue kiungio kimoja. Kiungio hicho kitazunguka mpaka kitulie, na momenti iliyokosa mizani itagawanyika kati ya boriti na nguzo zinazokutana hapo, kila moja ikipata fungu kulingana na ukakamavu wake. Nusu ya fungu hilo hupelekwa kwenye ncha ya pili ya boriti. Kiungio hufungwa tena, na kingine hufunguliwa. Kila mzunguko hupunguza kosa, na mhandisi huacha anapoona kosa lililobaki ni dogo mno.

Mabomba ya maji

Mwaka 1936 Cross alitumia wazo hilo hilo kwa mabomba ya maji ya miji. Mfano rahisi unaweza kufanywa darasani. Maji ya lita 10 kwa sekunde yanaingia mahali A na kutoka mahali B kwa kupitia mabomba mawili. Tuseme msuguano hupunguza kanieneo kwa kadiri ya kipeo cha pili cha mtiririko. Ukinzani wa bomba pana ni 1, na wa bomba jembamba ni 4.

Kisio la kwanza: lita 5 katika kila bomba. Upotevu wa kanieneo katika bomba pana ni 1 × 25 = 25; katika jembamba ni 4 × 25 = 100. Lakini njia zote mbili huanza A na kuishia B, hivyo upotevu lazima ulingane. Tofauti ni 75.

Sahihisho hupatikana kwa kugawa tofauti hiyo kwa jumla ya mara mbili ya ukinzani zidisha mtiririko, yaani 10 + 40 = 50. Jibu ni 1.5. Kiasi hicho huondolewa katika bomba jembamba na kuongezwa katika bomba pana, nayo mitiririko huwa 6.5 na 3.5. Sasa upotevu ni 42.25 na 49. Tofauti imeshuka kutoka 75 hadi 6.75. Sahihisho la pili, 6.75 ÷ 41, ni karibu 0.16, na mitiririko huwa 6.66 na 3.34. Jibu kamili ni 6⅔ na 3⅓.

Fundisho lake

Cross aliwataka wanafunzi wachore kwanza umbo la jengo likiwa limepinda chini ya mzigo, kabla ya kuandika tarakimu. Hesabu isiyoeleweka kwa jicho la akili hakuiamini. Alifariki mwaka 1959. Leo kompyuta hufumbua milinganyo maelfu kwa muda mfupi, lakini haimwambii mhandisi kwamba ameingiza tarakimu isiyo sahihi. Anayejua kukisia na kusahihisha kwa mkono ndiye atakayeligundua kosa hilo kabla zege halijamwagwa.

Zoezi

1. Mwanafunzi na arudie hesabu ya mabomba akianza na kisio la lita 8 na 2. Je, baada ya sahihisho moja anafika wapi?
2. Kwa nini kisio la kwanza likiwa baya jibu la mwisho haliharibiki?