Mjumbe Dhaifu, Neno Lenye Nguvu

Katika vijiji vingi hutokea jambo hili. Mtu amefuata mafundisho mwaka mzima, amejua sala na amri za Mungu, anangoja siku ya Ubatizo kwa hamu. Ghafula anasikia kwamba katekista wake alilewa kwenye karamu ya arusi, au aligombana na mkewe hata majirani wakasikia, au amekataa kulipa deni lake. Kesho yake kengele inapigwa, lakini yule mkatekumeni haendi. Akiulizwa sababu, hujibu: «Nifundishwe amri za Mungu na mtu asiyezishika? Maneno yake yamekufa.»

Jibu hilo laonekana kuwa la haki. Wala huzuni ya mtu huyo si ya bure, kwa maana kosa la mwalimu ni kosa kweli, tena huumiza watu wengi. Lakini ndani ya jibu lake mna wazo moja lisilo la kweli, yaani kwamba Neno la Mungu hupata uhai wake kwa mtu anayelisema. Mwami akituma mjumbe kijijini, mjumbe huyo huenda akafika na nguo chafu, amechoka, amekasirika kwa sababu ya safari ndefu. Watu wanaweza kumcheka mjumbe. Agizo la mwami halipungui hata kidogo.

Katika Agano la Kale mna kitabu kifupi kinachoeleza jambo hili kuliko mahubiri mengi, nacho ni kitabu cha Yona. Mungu alimwambia Yona aende Ninawi, mji mkubwa wa wapagani waliokuwa adui za taifa lake, akawaonye kwa uovu wao. Yona akaondoka, lakini si kwenda Ninawi. Alishuka Yafa, akalipa nauli, akapanda merikebu iendayo Tarshishi, upande mwingine kabisa. Mungu akaleta dhoruba. Mabaharia wapagani walimwomba kila mtu mungu wake, naye mtumishi wa Mungu wa kweli alikuwa amelala chini ya merikebu! Walipopiga kura ikamwangukia Yona, akakiri kwamba anamkimbia Bwana, Muumba wa bahari na nchi kavu. Wakamtupa majini, bahari ikatulia. Wasomaji wengi hukimbilia habari ya samaki mkubwa, wakapita bila kuona kitu kimoja: wale mabaharia walimcha Bwana wakamtolea sadaka. Basi hata Yona alipokuwa anakimbia kazi yake, maneno machache aliyoyasema juu ya Mungu yaliwafaa watu ambao hakufikiri hata kidogo kuwahubiria.

Baada ya siku tatu ndani ya samaki, Yona alitumwa mara ya pili, naye akaenda. Ninawi ulikuwa mji wa mwendo wa siku tatu. Yona aliingia mwendo wa siku moja tu. Mahubiri yake katika lugha ya Kiebrania yana maneno matano, yasemayo kwamba baada ya siku 40 mji utaangamizwa. Hakusema neno moja juu ya huruma, hakuwafundisha namna ya kutubu, hakuwapenda. Hata hivyo watu wote wakaamini, wakubwa kwa wadogo. Mfalme mwenyewe akashuka katika kiti chake, akavua joho lake, akaketi majivuni, akaamuru watu na wanyama wafunge. Hakuna nabii katika Maandiko aliyepata kusikilizwa upesi na watu wengi namna ile. Tena Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe aliwasifu watu wa Ninawi, kwa kuwa walitubu kwa mahubiri ya Yona. Hakuwalaumu kwa kumsikiliza mtu aliyekuwa mtoro.

Katika Agano Jipya mambo ni yale yale. Yezu alipowatuma wale Kumi na Wawili kuhubiri ufalme wa Mungu na kuponya wagonjwa, Yuda Iskariota alikuwa mmoja wao. Petro alimkana Bwana mara tatu, naye ndiye aliyesimama siku ya Pentekoste, wakabatizwa watu wapata 3,000. Paulo, alipokuwa gerezani, aliwaandikia Wafilipi kwamba wako wanaomhubiri Kristu kwa wivu na ugomvi, wakitaka kumwongezea taabu katika vifungo vyake. Mtu mwingine angewaambia wakristu wasiwasikilize. Paulo alifurahi, kwa kuwa kwa nia mbaya au kwa nia njema Kristu alikuwa anahubiriwa.

Swali hili la mhubiri asiyestahili liligawanya Ekleziya ya Afrika ya Kaskazini zaidi ya miaka 100. Mwaka 303 Kaisari Diocletianus wa Roma aliamuru makanisa yabomolewe na vitabu vya Maandiko Matakatifu vichomwe moto. Wakristu wengi walikubali kufa kuliko kuvitoa. Wengine, hata maaskofu kadhaa, walivitoa kwa hofu. Mateso yalipokwisha, hao waliotoa vitabu waliitwa wasaliti. Kisha Caecilianus akawekwa kuwa askofu wa Kartago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo, na mmoja wa waliomwekea mikono, askofu Felix wa Aptungi, akashtakiwa kwamba ni msaliti. Kundi kubwa likasema kwamba mikono ya msaliti haiwezi kumtoa Roho Mtakatifu. Wakajiwekea askofu wao, na baadaye mkubwa wao akawa Donatus, ndiyo maana huitwa Wadonati. Mkatoliki akiingia kwao, walimbatiza tena, kana kwamba hajapata kubatizwa.

Felix alichunguzwa barazani, akaonekana hana hatia. Hivyo ugomvi ule ulioharibu Ekleziya za nchi nzima ulianza na masingizio, jambo ambalo wapenda maneno ya kisimani wangelifikiri vema. Lakini maaskofu waliokutana Arles, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, mwaka 314, hawakuridhika kuuliza kama Felix ana kosa. Waliamua pia kwamba hata msaliti akiwa amempa mtu daraja, daraja hilo haliharibiki kwa sababu ya dhambi ya aliyelitoa.

Aliyeeleza sababu yake kuliko wengine wote ni Mtakatifu Augustino, Mwafrika, askofu wa Hippo, mji uitwao leo Annaba katika nchi ya Algeria. Yeye alifundisha kwamba Ubatizo ni mali ya Kristu, hata ukitolewa na mkono wa mtu kama Yuda, kwa sababu abatizaye ndani ni Kristu. Alitoa mfano wa maji yapitayo katika mfereji wa mawe: mfereji wenyewe hauoti kitu, lakini maji yakifika bustanini, bustani huzaa. Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili walikutana Kartago mbele ya mjumbe wa Kaisari ili jambo likatwe, naye akaamua kwamba Wakatoliki wana haki.

Lakini lazima kutofautisha. Sakramenti hutenda kazi kwa nguvu ya Kristu, hata mtoaji akiwa na dhambi. Mahubiri si sakramenti, na Augustino alilijua hilo. Aliandika kwamba mhubiri mwenye maisha mabaya anaweza kuwafaa wengi kwa maneno ya kweli, lakini angewafaa wengi zaidi sana kama angetenda anayoyasema. Basi kosa la katekista haliui Neno. Ila huweka jiwe njiani, na wadhaifu hujikwaa juu ya jiwe hilo.

Tena uko udhaifu mwingine usio dhambi. Karibu mwaka 400, shemasi mmoja wa Kartago, jina lake Deogratias, alimwandikia Augustino akilia. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wale waliokuja mara ya kwanza kutaka kuwa wakristu. Alisema kwamba maneno yake ni marefu na baridi, yanamchosha yeye mwenyewe, sembuse wasikilizaji. Augustino, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha tangu ujana wake, alimjibu kwamba naye karibu kila mara hayapendi mahubiri yake mwenyewe, kwa sababu mambo anayoyaona moyoni ni makubwa kuliko ulimi wake. Hata hivyo aliona kwamba watu wanamsikiliza kwa faida, akajua kwamba chakula kinachomchukiza mpishi kinaweza kuwashibisha wageni. Katika Kongo pia, tangu mapadri walipokaa Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, mafundisho ya vijijini yamechukuliwa sana na makatekista wenye masomo machache, wengine wakisoma polepole kwa kidole juu ya mstari. Wakristu wa mahali pengi waliipata imani kwa watu wa namna hiyo.

Huenda mtu akauliza: basi mkatekumeni afanyeje akiona kosa la mwalimu wake? Kwanza aendelee kuja mafundishoni, maana akibaki nyumbani anayekosa chakula ni yeye. Yezu aliwaambia watu wayashike yale waliyofundishwa na waandishi na Mafarisayo waliokaa katika kiti cha Musa, lakini wasifuate matendo yao. Kisha amwombee. Kama kosa ni kubwa, na hasa kama linawadhuru watoto au wanyonge, si upendo kulificha. Lazima padri aambiwe wazi, na wakuu wa serikali pia inapotakiwa, wala si kulieneza shambani na kwenye pombe. Padri anaweza kumwondoa katekista katika kazi yake. Mafundisho aliyoyatoa jana, kama yalikuwa ya Ekleziya, yabaki kuwa kweli.

Wala mwenye mhubiri mwema asijivune. Yohane Mbatizaji alikuwa mtakatifu tangu tumboni mwa mama yake. Herode alipenda kumsikiliza, kisha akaamuru akatwe kichwa. Watu wa Ninawi walipewa mhubiri mtoro mwenye hasira, wakaokoka.

Na mhubiri mwenyewe je? Paulo aliogopa kwamba, akiisha kuwahubiria wengine, yeye mwenyewe angeweza kukataliwa. Hofu hiyo inaonekana vizuri katika mwisho wa Yona. Ninawi wote ulipoachiliwa, yeye alikasirika, akaomba afe. Akaketi nje ya mji, akingoja aone kama utaangamia. Mungu akaotesha mmea wa kumtilia kivuli, Yona akafurahi sana. Kesho yake mdudu akautafuna ukakauka, na Yona akaomba kufa tena. Ndipo Mungu akamwuliza: wewe unauhurumia mmea usioupanda, nami nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kutofautisha mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia? Kitabu kinakwisha kwa swali hilo, na jibu la Yona halikuandikwa.