Punda Anayeumwa Tumbo Kila Mara: Tutafute Chanzo



Somo letu la leo linahusu punda. Vikundi vingi vya ufuoni mwa ziwa, kuanzia Seme hadi Bondo na Homa Bay, vinategemea punda kubeba maji, kuni na mchanga. Punda akilala mgonjwa, akina mama wanarudi kubeba mitungi kichwani na pesa za kila siku zinakatika. Basi ugonjwa wake ni jambo la kikundi kizima.

Tuchukue mfano. Punda wa kikundi anaumwa tumbo. Mnanunua dawa dukani, anapata nafuu, anarudi kazini. Baada ya wiki mbili anaumwa tena. Mnanunua tena dawa ileile. Mara ya nne mweka hazina anauliza: tunatibu nini hasa? Swali hilo ndilo somo letu.

MAUMIVU NI DALILI, SI UGONJWA

Mtoto akilia, kilio hakikuambii kama ana njaa, ana homa au amechomwa na mwiba. Ni lazima umwangalie. Msokoto wa tumbo ni hivyo hivyo. Dawa ya maumivu hunyamazisha kilio, lakini mwiba unaweza kubaki.

Farasi akiumwa tumbo hugaagaa chini, hutoka jasho na hupiga tumbo lake teke. Punda ni ndugu yake farasi, lakini ni mvumilivu mno. Yeye husimama kimya, kichwa chini, hataki kula, na mavi yake hupungua. Kwa hiyo punda "aliyenyamaza tu" huenda ni mgonjwa sana. Punda asipokula, mafuta ya mwili wake huingia kwenye damu kwa wingi na kuharibu ini. Msingoje siku ya pili.

KWANZA, MAMBO YA KAWAIDA

Kabla ya kufikiria ugonjwa mkubwa, tuangalie haya:

1. Minyoo. Aina nyingine hujeruhi utumbo na hata mishipa ya damu inayoulisha. Dawa itolewe kwa kipimo cha uzito, si kwa kukisia.

2. Meno. Punda mzee mwenye meno mabovu hatafuni vizuri. Majani marefu humezwa mazima na kuziba utumbo. Tazameni kama anadondosha chakula kilichotafunwa nusu.

3. Takataka. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Lakini vipande vya plastiki, kamba na nyavu kuukuu bado viko jalalani na ufuoni. Punda mwenye njaa huvila, na yeye hawezi kutapika.

4. Mchanga. Akilishwa chini kwenye mchanga, anaumeza pamoja na chakula, nao hukaa tumboni.

5. Maji. Kuna punda anayebeba maji mchana kutwa na yeye mwenyewe hapewi. Chakula kikavu bila maji huganda tumboni.

BADO ANAUMWA? HUENDA NI UVIMBE

Mara chache, chanzo ni uvimbe ndani ya tumbo. Madaktari wameuchunguza zaidi kwa farasi, lakini punda naye anaweza kuupata. Aina mbili ni muhimu kuzijua.

Ya kwanza ni saratani ya utumbo wenyewe. Inayoonekana zaidi kwa farasi huitwa limfoma, nayo huanzia kwenye chembe zinazolinda mwili. Ukuta wa utumbo hunenepa, chakula hakipiti vizuri, na mwili haukipokei. Ndiyo maana mnyama anakula lakini anakonda. Wengine huharisha, wengine huwa na homa inayokuja na kuondoka, na wengine huvimba chini ya tumbo au miguuni.

Ya pili ni uvimbe wa mafuta, hasa kwa mnyama mzee. Huu si saratani. Huning'inia kwa kikonyo kama embe kwenye mti. Hatari ni kwamba kikonyo kinaweza kujizungusha kwenye utumbo na kuukaba kama kamba. Hapo maumivu huwa makali ghafla na mnyama hufa upesi asipopasuliwa.

Uvimbe hauonekani kwa macho. Daktari wa mifugo huingiza mkono kwa njia ya haja kubwa na kupapasa, huchukua damu, na penye mashine hupiga picha ya tumbo. Mara nyingi ukweli hujulikana mnyama akishakufa na kupasuliwa na daktari. Msimpasue wenyewe: kama ni kimeta, mtajiambukiza.

Uvimbe wa namna hii hauambukizi punda wengine, wala si kazi ya jirani mwenye wivu. Tusivunje kikundi kwa kutafuta mchawi.

TUFANYE NINI?

Wekeni daftari la punda. Kila akiumwa, andikeni tarehe, alikula nini, alikunywa maji au la, mavi yalikuwaje, alipewa dawa gani. Kila mwezi pimeni kifua chake kwa kamba ileile, mahali palepale, nyuma ya miguu ya mbele, na mfunge fundo. Fundo likirudi nyuma mwezi kwa mwezi, anakonda. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Akiumwa, mpumzisheni kazi, mwondoleeni chakula mpaka aonwe na daktari, na mhesabu mapigo ya moyo. Punda mzima aliyetulia hupiga kati ya 36 na 52 kwa dakika. Yakizidi sana, iteni msaada mara moja. Msimnyweshe mafuta ya kupikia, soda wala dawa ya miti kwa chupa, kwa sababu huweza kuingia mapafuni na kumwua. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali ya kaunti. Ijueni ofisi yenu na namba ya simu kabla shida haijafika.

UAMUZI MGUMU

Daktari akisema ni saratani, kijijini hakuna tiba ya kweli. Hapo sauti mbili husikika. Moja husema, "Tumtumie mpaka aanguke." Nyingine husema, "Tumuuze sokoni kabla hajafa." Ya kwanza ni ukatili kwa mnyama aliyetulisha. Ya pili ni kumwibia maskini mwenzetu, ambaye labda amekopa ili anunue. Afadhali daktari amalize mateso yake, mzoga ufukiwe kina kirefu, mbali na kisima. Na ili uamuzi huo usiwe mzigo mzito, kila wiki tieni kidogo kwenye mfuko wa punda, kwa matibabu au kwa kununua mwingine.

MASWALI YA KUJADILI

1. Punda wetu ameumwa tumbo mara ngapi mwaka huu? Tumetumia pesa ngapi, na chanzo tulikijua?

2. Kati ya mambo matano ya kawaida, ni lipi tunaweza kulirekebisha wiki hii bila pesa?

3. Nani atatunza daftari na kamba?

4. Mtu akituuzia punda mgonjwa bila kutuambia, tungejisikiaje?