Trekta la petroli la zamani: ung'oe kabureta ufunge nozeli za umeme, au utengeneze injini kwanza?

Swali la leo nililetewa na kijana mmoja wa hapa Kiloleli, fundi wa bodaboda, kwa niaba ya babu yake. Babu ana trekta la petroli, lile dogo la kijivu la Ferguson, alilorithi kwa baba yake. Lilikuwa linatoa moshi mweusi, linakunywa petroli kama maji, na likishapata moto linazima katikati ya shamba. Kijana akaona kwenye simu jinsi watu wa nje wanavyong'oa kabureta kwenye matrekta kama hilo na kufunga nozeli zinazoongozwa na kontroli boksi, kama kwenye magari ya siku hizi. Akapiga hesabu: vifaa na usafiri vingemaliza bei ya madume mawili ya kulimia.

Babu alishakubali. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa anakuja Jumamosi. Ilikuwa Oktoba, na pamba yetu tunaanza kuipanda katikati ya Novemba. Vifaa vikichelewa, au vikifika trekta likagoma, na madume yameshaondoka, familia ile ingebaki na jembe la mkono. Babu akaniambia, "Bwana shamba, niambie ukweli, niuze au nisiuze?"

Kabla sijaendelea: kama trekta lako ni la dizeli, na mengi huku kwetu ni ya dizeli, wewe una nozeli tayari, na mambo yake ni mengine. Lakini mwenye pampu ya petroli ya kumwagilia bustani kando ya ziwa asiondoke, maana kabureta ni kabureta.

Injini ya petroli inataka hewa na mafuta kwa kipimo. Gramu moja ya petroli inaungua vizuri na takriban gramu 14.7 za hewa. Mafuta yakizidi, moshi unakuwa mweusi na plagi zinajaa masizi. Yakipungua, injini inakohoa na kuchemka. Kabureta inapima kwa njia rahisi sana: hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake jembamba inavuta petroli kupitia tundu dogo la jeti, na boya lililo ndani ya bakuli linazuia petroli isijae kupita kiasi. Haina akili yoyote. Tundu likipanuka au boya likizama, yenyewe inaendelea kumwaga tu.

Mfumo wa umeme unafanya kazi ileile kwa kupima. Sensa moja inahesabu mzunguko wa kranki, nyingine inapima mgandamizo wa hewa inayoingia, nyingine joto la injini, na moja inakaa kwenye ekzosi kunusa kama moshi una oksijeni iliyobaki. Kontroli boksi inakusanya habari hizo na kufungua nozeli kwa muda mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde, kila inapotakiwa.

Faida yake ni ya kweli, na huku kwetu ipo moja ambayo wengi hawaifikirii. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani inatupa mafuta mengi kidogo ikifika huku. Kontroli boksi inajirekebisha yenyewe. Lakini usidanganyike, nguvu iliyopotea kwa sababu ya hewa nyepesi hairudi. Kinachopona ni mafuta tu.

Sasa turudi kwa babu. Nilikwenda na geji ya kompresheni niliyoazima kwa fundi wa Lamadi. Tukaanza na kibati cha trekta, maana hayo matrekta, yaliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, yapo ya aina kadhaa. Yenye herufi TEA ni ya petroli. Yenye TED yaliwashwa kwa petroli, kisha yakipata moto yanahamishiwa kwenye mafuta yanayofanana na ya taa, na kompresheni yake ni ndogo zaidi. Hiyo TED ukiifungia nozeli bado itakuwa injini ya kompresheni ndogo. La babu lilikuwa TEA.

Tukapasha injini moto, tukatoa plagi zote nne, tukafungua hewa hadi mwisho na kuzungusha. Silinda tatu zilikaribiana. Ya nne ilikuwa chini mno. Nikaweka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, tukapima tena, haikupanda. Ingepanda, tungejua ringi zimechoka. Kwa kuwa haikupanda, tulitazama upande wa valvu, na kweli, nafasi ya tapeti kwenye valvu ya kutolea moshi ilikuwa imekwisha kabisa. Valvu haifungi.

Hili linatokea kwenye injini za zamani na sababu yake inaeleweka. Zilitengenezwa zama za petroli yenye risasi, na ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Kiti cha chuma laini sasa kinalika taratibu, valvu inazama, nafasi ya tapeti inapungua mpaka inakwisha. Tulirudisha nafasi kwa kipimo cha kitabu chake, kompresheni ikapanda ikakaribia wenzake. Kama isingepanda, ingebidi kufungua hedi. Na hapo nikamuuliza kijana: ungefunga nozeli mpya, ile silinda ya nne ingefanya nini? Sensa ya ekzosi ingeona oksijeni isiyoungua, kontroli boksi ingedhani mafuta ni kidogo, ingeongeza. Moshi uleule mweusi, ila sasa kwa gharama ya madume mawili.

Tukafungua kabureta. Boya lake la shaba, ukilitikisa, linachezacheza: lilikuwa na petroli ndani. Tukalitumbukiza kwenye maji ya moto (maji, siyo kulipitishia moto!) na vipovu vikatuonyesha tundu lilipo. Likamwagwa, likakaushwa siku mbili, likazibwa kwa risasi ya kulehemu, kidogo tu ili lisiwe zito. Jeti tukaipuliza kwa hewa. Usichokonoe jeti kwa waya. Mimi mwenyewe niliwahi kuichokonoa ya pampu yangu ya bustani, nikaipanua, na msimu mzima nikawa nalalamikia bei ya petroli wakati mwizi alikuwa mkono wangu.

Halafu chujio la hewa, lile la bakuli la oili. Vumbi letu mnalijua. Bakuli lilikuwa na tope zito kama ugali, na injini inayonyimwa hewa ni sawa na injini inayozidishiwa mafuta. Platini nazo zilikuwa zimeungua, tukabadilisha pamoja na kondensa yake, ambayo ndiyo iliyokuwa inazimisha trekta likipata moto. Yote hayo hayakufika hata bei ya mbuzi.

Je, basi nozeli za umeme ni upuuzi? Hapana. Kijana yule ana mikono mizuri na sikutaka kumvunja moyo. Kama injini ni nzima na kabureta imekufa kiasi kwamba haina spea, kazi inaweza kufanyika. Ila ajue anachokiingia, na kuna mambo ambayo video hupita nayo haraka.

Umeme kwanza. Matrekta mengi ya Uingereza ya zama zile yamefungwa waya wa chanya kwenye bodi. Vifaa vya sasa vinataka hasi kwenye bodi. Ukiunganisha bila kugeuza unaweza kuunguza boksi siku ya kwanza. Dainamo ya zamani nayo ni dhaifu, haitoshi kulisha pampu ya umeme, nozeli na boksi huku ikichaji betri, kwa hiyo utafunga altaneta. Na trekta la kabureta betri ikiwa dhaifu unaliwasha kwa hendeli. Hili jipya, betri ikilala, nalo linalala.

Mafuta ni pili. Kabureta ya Ferguson inashushiwa petroli kutoka kwenye tangi kwa uzito wake tu. Pampu ya nozeli inasukuma kwa nguvu, mara nyingi karibu baa 3. Mpira wa kawaida ulioufunga kwa waya utapasuka na kurusha petroli kwenye ekzosi ya moto, na hilo ni trekta kuungua na dereva akiwa juu. Tumia mipira ya presha na klipu zake. Kutu ya tangi na uchafu wa vidumu vyetu unaua pampu na kuziba nozeli, kwa hiyo safisha tangi na weka machujio mawili. Mafuta yaliyochanganywa ndiyo usiguse kabisa. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010 kwa sababu ya mchezo huo, lakini petroli ya kwenye chupa barabarani hakuna anayekupimia.

Kubwa kuliko yote ni gavana. Kwenye gari, mguu wa dereva ndio unaofungua hewa. Kwenye trekta wewe unaweka mwendo kwa mkono, halafu gavana inafungua na kufunga kibati cha hewa yenyewe: plau ikizama inafungua, ukiinua plau inafunga. Ukiondoa kabureta, kile kibati kinaondoka nayo. Koo jipya lisipounganishwa na fimbo ya gavana, siku utakayoinua plau injini itapaa mwendo mpaka ivunje kitu. Kijana alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo kwenye video sijaliona." Bodaboda haina gavana, ndiyo maana hakuliwazia.

Babu hakuuza. Novemba walilima kwa trekta na kwa madume, pande mbili tofauti za shamba. Nilimwachia kijana kazi: ajaze tangi mpaka shingoni, alime ekari moja aliyoipima kwa kamba, ajaze tena, aandike lita zilizoingia. Arudie kwenye udongo wa mbuga na wa kichanga, maana havilingani. Baada ya mavuno tutakaa tuone kama kuna mafuta ya kutosha yanayopotea kiasi cha kulipa gharama ya vifaa. Mpaka jana alikuwa na ekari nne kwenye daftari, na ya tatu ameifuta kwa sababu alisahau kujaza tangi kabla ya kuanza.