Kupanda Mnazi Katika Sehemu Kavu

Mnazi haupumziki. Hutoa kuti jipya karibu kila mwezi mwaka mzima, hivyo huhitaji maji siku zote. Ukame hupukutisha vidaka vya mnazi mkubwa, lakini mche mchanga huuawa kabisa.

Wakulima wa sehemu kavu kama Ganze wanashauriwa kuchimba shimo la mita moja na kutandika makumbi chini, upande wa ndani ukitazama juu ili yashike maji. Kisha watie udongo wa juu uliochanganywa na samadi. Mche upandwe mvua zinapoanza, ukingwe jua kwa makuti na umwagiliwe kila kiangazi kwa miaka miwili.

Mnazi mrefu huanza kuzaa baada ya miaka 6 au zaidi. Mche ukifa, subira hiyo huanza upya.