Somo la Programu: Kosa Lipi Linabatilisha Muamala?



Mwaka jana niliandika programu ya mfuko wetu wa kusaidiana, hapa Bujumbura. Jioni moja dada yetu mweka hazina alimkopesha mwanafunzi faranga 20,000. Alikosea namba ya uanachama mara tatu, na kila mara kompyuta ilionyesha kosa. Mara ya nne akapatia, akatoa fedha. Alipofunga hesabu, programu ilisema zimetoka faranga 80,000. Daftari lake la mkono lilisema 20,000, na sanduku la fedha likakubaliana na daftari. Bila daftari lile, mtu mwaminifu angehojiwa kwa kosa langu mimi.

Muamala ni kundi la hatua zinazofanyika zote, au isifanyike hata moja. Mkopo wetu una hatua mbili: kupunguza mfuko, kisha kuandika deni kwa jina la mkopaji. Ya pili ikishindikana, ya kwanza lazima ibatilishwe.

Nilitumia Spring, kiunzi cha Java ambacho toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Ndani yake huandiki mwenyewe hatua za kufungua na kufunga muamala. Unaweka alama ya @Transactional juu ya methodi, na hapo unapanga sifa: ujiunge na muamala uliopo au uanze mpya, utenganishwe vipi na mingine, usubiri sekunde ngapi, usome tu au uandike pia, na kosa lipi liubatilishe.

Mimi niliweka alama, sifa sikuzigusa. Kumbe usipochagua, unachaguliwa. Spring, kwa kufuata desturi ya EJB iliyoitangulia, hubatilisha kosa likiwa RuntimeException au Error. Kosa langu la "mwanachama hajulikani" lilirithi moja kwa moja kutoka Exception, aina ambayo kompaila humlazimisha mwandishi kuitangaza au kuishughulikia. Spring ikalichukulia kama jibu la kawaida la kazi, na mfuko ukapunguzwa mara tatu bure.

Nilirekebisha hivi:

1. Juu ya klasi nzima niliandika rollbackFor = Exception.class, ili kila kosa libatilishe.

2. Methodi za ripoti nikazipa sifa zake za kusoma tu. Sifa ya methodi huishinda ya klasi, kwa hiyo nikarudia humo kanuni ya kubatilisha.

3. Kumbukumbu ya jaribio lililoshindwa lazima ibaki hata mkopo ukibatilishwa. Nikaipa REQUIRES_NEW, yaani muamala wake peke yake, na nikaiweka katika klasi nyingine. Methodi ikiitwa kutoka ndani ya klasi ileile, kwa mpangilio wa kawaida wito haupiti kwa wakala wa Spring, na alama haifanyi kazi.

4. Nikaandika jaribio linalokosea namba kwa makusudi, kisha linahesabu salio.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Leo mwandishi huyo ni mimi na wewe tunaosoma kompyuta. Kabla ya kumkabidhi mtu programu ya fedha, fungua kila @Transactional ujiulize: hapa nani ameamua, mimi au kiunzi?

Wabillahi tawfiq.