Somo la Robo Hii: Kuandika Barua ya Kazi Unapobadili Kazi



Kati ya maombi yanayoletwa ofisini kwetu na waumini, ombi la kuandikiwa barua ya kazi limekuwa la mara kwa mara kuliko hata la ada. Wanaokuja si vijana waliomaliza shule peke yao. Wengi ni watu wazima wenye miaka 35 na kuendelea, waliokuwa na kazi na kazi hiyo imeisha. Hapa Kiseke tunao waliokuwa katika viwanda vya samaki. Kutoka upande wa Misungwi tumewapokea akina mama waliokuwa wakiwauzia chakula wasafiri waliongoja kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, magari hayasimami tena pale kungoja, na biashara ile imekwenda pamoja na foleni. Sote tumelifurahia daraja. Hata hivyo mwenye sufuria la wali aliyebaki upande mmoja wa ziwa anahitaji kazi nyingine.

Mimi mwenyewe hukaa kwenye kamati za usaili tunapoajiri watumishi wa miradi, na kwa hiyo nimesoma barua nyingi sana. Nyingi zinafanana hivi:

“Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 43, nimehitimu kidato cha nne. Ninaomba kazi katika ofisi yako tukufu. Ingawa sina uzoefu wa kazi hii, niko tayari kufanya kazi yoyote nitakayopangiwa. Natumaini ombi langu litapokelewa.”

Barua hii ina adabu na haina uongo. Lakini msomaji mwenye barua 80 mezani amepata mambo mawili tu: umri, na kwamba mwombaji hana uzoefu. Neno “kazi yoyote”, ambalo mwandishi analiona kuwa ni unyenyekevu, kwa msomaji linamaanisha kwamba mwombaji hakusoma tangazo. Nakiri kwamba barua za namna hii nimeziweka pembeni mara nyingi, na baadhi ya waandishi wake nilikuwa nawafahamu kuwa ni wachapakazi. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika somo hili.

Nichukue mfano wa mama mmoja wa hapa Kiseke. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Alifanya kazi ya kukata minofu ya sangara kwa miaka 11 hadi zamu yake ilipofutwa. Aliona tangazo la msaidizi wa stoo katika kituo cha afya akaja na barua kama hiyo ya hapo juu. Nilipomuuliza anajua kufanya nini, alinijibu, “Mratibu, mimi najua kukata samaki tu.”

Nikamuuliza, “Mama, joto la minofu nani alikuwa akilipima?”

“Ni mimi, kila saa.”

“Na likipanda?”

“Nasimamisha meza, namwita msimamizi, tunaongeza barafu, halafu naandika kwenye fomu saa na dakika.”

Wasomaji wetu wa mbali huenda hawajui kwa nini mkata minofu wa Mwanza huandika fomu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki kutoka Ziwa Victoria kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakivua kwa sumu. Kabla ya hapo yalikuwepo mazuio mengine kwa sababu za usafi. Tangu wakati huo kiwanda kinachotaka kuuza Ulaya ni lazima kioneshe kwa maandishi kwamba samaki ametoka wapi, amekaa kwenye joto gani, na nani aliyemgusa. Minofu mibichi hukaa karibu na nyuzi 0, na iliyogandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri au chini zaidi. Basi mtu aliyesimama miaka 11 kwenye meza ile akiwa amevaa gambuti nyeupe amejifunza kunawa kwa utaratibu, kuweka kumbukumbu bila kuruka, na kusimamisha kazi panapo hatari hata kama bosi ana haraka. Nasema bila kusita kwamba ofisi nyingi, na yetu ikiwemo, zina upungufu wa watu wa namna hiyo.

Sasa tazama kituo cha afya. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kuna jokofu, kipimajoto, na daftari la kuandika joto asubuhi na jioni. Kuna leja na kadi za stoo. Kinachoingia kwanza, au kitakachoharibika mapema, hutoka kwanza. Mama yule alikuwa amefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa jina jingine. Tulikaa tukaandika upya, kwa maneno yake mwenyewe:

“Ninaomba kazi ya msaidizi wa stoo iliyotangazwa katika ubao wa kituo. Kwa miaka 11 nimefanya kazi katika kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Kwa miaka 4 ya mwisho niliongoza meza ya watu 14. Kila saa nilipima joto la minofu na kuliandika. Lilipopanda nilisimamisha kazi na kutoa taarifa. Nilipokea na kukabidhi visu, glovu na dawa za usafi kwa kuhesabu na kusaini. Sijawahi kufanya kazi katika stoo ya dawa, na majina ya dawa nitahitaji kujifunza. Kutunza vitu vinavyoharibika kwa joto, na kuandika kila kinachoingia na kutoka, nimekuzoea.”

Wajumbe waangalie mambo yaliyobadilika. Kazi inayoombwa imetajwa kwa jina lake. Kuna hesabu: miaka, watu, kila saa. Pengo limetajwa mara moja, kwa sentensi moja, bila kuomba radhi, tena baada ya msomaji kwisha kuona kile alichonacho. Halikufichwa, kwa kuwa kwenye usaili lingejitokeza lenyewe. Na barua ni fupi. Mambo mengine, kama shule na wadhamini, yana nafasi yake kwenye wasifu.

Njia ya kufika hapo ni kuuliza maswali kabla ya kushika kalamu. Mweke mwombaji asimulie siku moja ya kazi yake ya zamani, tangu saa ya kufika hadi ya kuondoka, nawe uandike vitendo tu: nilihesabu, nilipokea fedha, nilituliza ugomvi, nilifundisha mgeni. Kisha chukua tangazo, pigia mstari vitendo vinavyotakiwa, na uone vinapokutana. Muuza wali wa Kigongo ambaye kila siku alikadiria kilo za mchele kwa idadi ya mabasi, akakopesha makondakta na kuzirudisha fedha zake, ana mengi ya kusema kwa shule inayotafuta mpishi au mnunuzi wa chakula.

Ipo mipaka. Kazi ambayo sheria inadai cheti au usajili, kama uuguzi, haipatikani kwa barua nzuri, na si vema kumtia mtu tumaini na gharama za nauli. Maombi ya utumishi wa umma yanayopitia Sekretarieti ya Ajira nayo hufuata masharti ya tangazo. Sifa isipokuwepo, maelezo hayataifidia. Kwa mwenye ufundi alioupata mtaani, kama useremala au upishi, VETA wana utaratibu wa kuutambua ujuzi huo na kutoa cheti. Inafaa kuulizia mapema.

Kuna karatasi nyingine ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wengi waliopunguzwa kazini waliondoka na malipo ya mwisho bila kukidai. Kirudieni mapema, kabla watu wa ofisi ile hawajahama.

Sasa neno kwa kamati zenyewe. Barua zetu za utambulisho husema karibu zote kwamba mhusika “ni muumini mwaminifu mwenye tabia njema”. Mwajiri hana la kufanya na sentensi hiyo, kwa sababu tunaiandika kwa kila mtu. Andikeni mlichokiona kwa macho yenu. Mama yule alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kwa miaka 6, na vitabu vyake vilikaguliwa kila mwaka bila upungufu. Katibu wa usharika alikuwa akilijua jambo hilo vizuri, ila hakuona kuwa linahusu kazi. Pale ambapo hamjaona kitu, msikiandike.

Marafiki wanaotuchangia wameuliza kwa nini tumeomba fedha za kuchapa barua, nakala za vyeti na nauli za kwenda kwenye usaili, badala ya semina kubwa ya siku 3. Jibu langu ni kwamba somo hili linafundishwa mtu na mtu, kwenye benchi, kwa saa moja au mbili, na linalokwamisha baada ya hapo ni nauli.

Mama aliitwa kwenye usaili. Nafasi ile ilipewa mwingine mwenye mafunzo ya famasia, na ilikuwa haki. Wiki chache baadaye barua ile ile, ikiwa imebadilishwa aya moja, ilimpatia kazi katika stoo ya chakula ya shule ya bweni. Mshahara wa kuanzia ni mdogo kuliko ule wa kiwandani, na amelalamika kwangu juu ya hilo, ila mtoto wake amerudi darasani.

Watakaokuja Kiseke kuandikiwa barua waje na tangazo lenyewe, au picha yake kwenye simu, pamoja na vyeti. Asiyekuwa na tangazo tutamsikiliza, lakini barua hatutaianza.